Mvua Juu ya Majamvi

Tumeshamhimidi Mola wetu na tumeshamsalia Mtume, na sasa nakuombeni masikio yenu kwa muda mfupi. Masikio, nasema. Macho najua siyapati, kwa sababu huu ni msimu na nje kuna mawingu. Wewe ndugu yangu wa safu ya mwisho, tangu tutoe salamu hujaacha kuchungulia mlango. Karafuu zako zina mtu wa kuziangalia, tulia. Na mimi leo nitazungumza habari za karafuu hizo hizo, ili angalau roho zenu ziwe hapa.

Kwanza nikuulizeni. Nani kati yenu anaikumbuka raha ya sikukuu alipokuwa mdogo? Usiku wa kuamkia Idi ulikuwa hulali, umeikumbatia kanzu mpya, unainusa. Sasa sikukuu ikikaribia hulali pia, lakini ukiulizwa sababu unainamisha kichwa. Na barafu je? Ile ya rangi, ya kwenye mfuko, unaitoboa kwa jino mpaka fizi zinakufa ganzi. Juzi mtu mzima mmoja, simtaji, yupo humu humu, kainunua, kaifyonza kidogo, halafu kampa mtoto wa jirani. Akasema barafu za siku hizi hazina ladha. Jamani, barafu ni maji na sukari na rangi, tangu zamani ni hivyo hivyo. Basi kilichobadilika ni nini? Ni ulimi wake, au kuna jambo jengine? Lishikeni swali hilo, tutalirudia.

Alikuwapo mtu mmoja, mkulima wa karafuu kama nyinyi. Mashamba yalikuwa ya baba yake, lakini mzee macho yalikuwa yamemfunga, kila jicho limeota mtoto wa jicho, akawa anajua mchana na usiku kwa joto la ukuta. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya huyu mwanawe. Kuchuma, kuzichambua na makonyo, vile vijiti vyake, kuanika, kuanua, kupeleka kituoni kuuza, yeye. Nyumbani alikuwa na mkewe na binti yao mdogo, wa umri wa kuanza kuota meno ya pili, mwenye mdomo usiokaa kimya.

Mtu huyu hakuwa mbaya, na naomba mlikumbuke hilo mpaka mwisho. Alikuwa amechoka tu. Na uchovu wake ulikuwa na wimbo wake. Kila akikaa barazani na wenzake baada ya Isha, atasema, "Dunia imekwisha utamu." Kisha ataanza. Atasimulia mvua za utotoni mwake, jinsi siku moja baba yake alivyomshika mkono wakaingia pamoja chini ya mchirizi wa paa, mchana kweupe, na baba yake akacheka mpaka akashikilia nguzo asianguke. Atasimulia mwaka ule ule walivyokuwa wakila muhogo wa kuchoma kila siku jioni, wamezunguka jiko, hakuna taa, mama yake anawatolea hadithi gizani. "Muhogo ule," atasema, "hamjapata kuula nyinyi. Siku hizi muhogo ni kuni." Na atamalizia maneno yale yale: "Wazee wetu walikuwa na raha. Mzee alikuwa na nafasi ya kuoga mvua na mimi. Mimi nafasi hiyo nitaipata wapi?"

Mzee alikuwa akiyasikia hayo kutoka kwenye kitanda chake cha kamba, na kila mara alikuwa akigeukia ukutani.

Sasa mwaka huo mikarafuu ilizaa. Mnajua wenyewe, mkarafuu ukizaa sana mwaka huu, unaofuata unapumzika, na ukiamua kupumzika haujali wewe una shida gani. Miaka ya nyuma ilikuwa ya kupumzika. Na daktari alikuwa ameshasema macho ya mzee yanatibika, lakini lazima avuke bahari aende Unguja, na hilo ni fedha, na yasicheleweshwe zaidi ya hapa. Kwa hiyo zile karafuu hazikuwa karafuu tu. Kila jamvi lililoanikwa uwanjani lilikuwa ni macho ya baba yake. Yeye alikuwa akiwaambia watu hivyo hivyo, waziwazi, "Haya mnayoyaona ni macho ya mzee." Alikuwa anampenda baba yake mapenzi ya kweli.

Ikafika siku karafuu zimebaki jua moja. Zilikuwa zimeshageuka rangi, ukiishika moja na kuivunja inakatika na kulia, lakini tumboni bado ina unyevu kidogo. Jua moja tu la kutimia, na jioni zinaingia guniani. Na siku hiyo hiyo mtaa wa pili kulikuwa na msiba. Mkewe alikwenda matangani tangu asubuhi pamoja na majirani wote, wake kwa waume, kama ilivyo ada yetu. Mtaa ulikuwa kimya, wamebaki kuku.

Na ndipo yule mtu alipokumbuka turubali. Turubali lake kubwa alikuwa amewaazima wafiwa walitandike juu ya kibanda cha kukalia watu. Akatazama juu. Jua lilikuwa kali, lakini upepo ulikuwa umegeuka. Roho haikumkaa mahali pake.

Mzee akasema kutoka barazani, "Mwanangu, nasikia harufu ya mvua."

"Baba, usinitabirie mabaya."

"Mabaya?" mzee akashangaa. "Tangu lini mvua ikaitwa mabaya nyumbani humu? Wewe mwenyewe ulikuwa ukiililia."

"Nilikuwa mtoto, baba. Nilikuwa sina nnachokianika."

Akamwita binti yake. Akamkalisha kwenye kibao, katikati ya majamvi, akampa fito ya kufukuzia kuku, akachuchumaa mbele yake uso kwa uso.

"Nisikilize vizuri. Nakwenda kuchukua turubali, narudi sasa hivi. Usiinuke hapa. Ukiona wingu, piga kelele majirani waje waanue. Ukiangukiwa na tone moja tu, piga kelele. Na wallahi nikija nikakukuta mchirizini unacheza, leo utanitambua. Umenifahamu?"

"Nimefahamu, baba."

"Hizi ni nini?"

"Macho ya babu," mtoto akasema, na akayatazama yale majamvi kwa hofu, kama kwamba kweli yanamtazama.

Akaondoka. Mwendo wake ulikuwa nusu kutembea nusu kukimbia, akashuka bondeni, akapanda upande wa pili. Kufika matangani, hata kukaa hakukaa. Akatoa pole, akaomba turubali lake, wafiwa wakaanza kulifungua. Fundo moja likakataa. Mnayajua mafundo ya kamba iliyoshika unyevu? Ukiwa na haraka ndiyo yanazidi kukaza. Akang'ang'ana nalo kwa vidole, kisha kwa meno. Na alipokuwa na kamba mdomoni, ule mwangaza ukazimika ghafla, na kivuli kikapita juu ya watu wote waliokaa.

Wote wakainua vichwa. Kila mmoja alikuwa na majamvi yake au ya ndugu yake. Kisha kutoka upande wa bondeni wakausikia ule mlio, nyinyi mnaujua, mvua inapotembea juu ya majani kabla haijakufikia. Mtu mmoja akasema, "Imeshafika kwako, bwana." Upande ule, upande wa nyumba yake.

Akaliacha turubali likining'inia akaanza kukimbia. Wanaume wengine wakamfuata. Na njia nzima alikuwa ametega masikio anasubiri sauti moja tu, sauti ya mtoto wake ikipiga kelele. Hakusikia kitu. Alikuwa akijiambia, labda karafuu hazijafikiwa. Labda mvua inapita pembeni. Lakini tone la kwanza lilimpiga bondeni, na la pili halikuhesabika, ikawa ni maji tu. Udongo ukamteleza, akaanguka kifudifudi, akainuka na tope mpaka kifuani. Alipokuwa anakipanda kilima cha mwisho ndipo akaisikia sauti ya binti yake, nyembamba, imekauka.

Alikuwa anacheka.

Ndugu zangu, jiwekeni hapo alipo. Msiwe wema haraka. Umevuja jasho msimu mzima, umepanda ngazi mpaka magoti yanatetemeka ukiswali. Baba yako yuko gizani. Dawa yake ilikuwa imebaki jua moja. Umemwachia mtoto kazi ya kupiga kelele tu, hata kubeba hukumwambia. Unarudi, unamsikia anacheka mvuani. Ungefanyaje?

Alitokeza uwanjani. Majamvi yalikuwa yamekaa vile vile, na juu yake maji yanapiga na kuruka. Yale ya katikati, kwenye bonde la uwanja, yalikuwa yameshaelea, na maji ya rangi ya hudhurungi yanatiririka kuelekea chooni. Na harufu! Karafuu ikirowa baada ya kukauka inatoa harufu nzuri ajabu, na siku hiyo alijiziba pua kwa kiganja chenye tope. Binti yake alikuwa chini ya mchirizi, gauni limemganda mwilini, kichwa kakirudisha nyuma, mdomo kaufungua wote.

Kwanza alianua. Yeye na wale waliomfuata. Huyu kashika ncha, huyu kashika ncha, wanakunja, wanaburura, wanasukuma ndani. Ya pembeni, yaliyokuwa juu kidogo, yaliokoka kwa kiasi. Ya katikati walipoyainua yalichanika kwa uzito, zikamwagika topeni. Karafuu zilizorowa namna hiyo ndizo zinazoota ukungu na kugeuka nyeupe, mpeta, hazifai hata kumpa mtu bure. Akasimama akazitazama. Kisha akageuka, akaenda kwenye mpera, akavunja tawi, akaanza kulipukutisha majani huku anatembea.

Mtoto alipomwona aliacha kucheka. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Maji ya mchirizi yalikuwa yanammwagikia kichwani naye hapigi hata kope.

Mmoja wa wale majirani akasema kwa sauti ndogo, "Mtoto huyo, bwana. Mtoto."

"Mtoto?" Sauti yake haikuwa yake. "Huyu kamuuza babu yake kwa maji ya mvua! Nilimwambia apige kelele, basi, kelele tu! Mdomo anao wa kusemea mchana kutwa, leo ndio kaukosa?"

"Baba, mie..."

"Nyamaza!"

Na akainua mkono.

Hapo ndipo kitu kikasogea pembeni ya ukuta. Mzee alikuwa ameshuka barazani. Alikuwa anapapasa ukuta kwa kiganja, mguu mmoja mmoja, kanzu inakokota kwenye maji, anaufuata mlio wa mchirizi kwa sababu mtoto alikuwa amenyamaza. Akafika, akanyoosha mkono akakigusa kichwa cha mjukuu wake, akajisogeza mpaka akasimama mbele yake. Maji yakahama kutoka kwa mtoto yakawa yanamshukia yeye kwenye kofia na mabega.

"Una fimbo mkononi?" akauliza.

"Ninayo, baba. Tafadhali toka mvuani, utaumwa."

"Basi anza na mie. Ndiye niliyemwambia akaoge."

Yule mtu akapigwa na butwaa. "Wewe, baba? Ulimwambia aache karafuu?"

"Geuka nyuma yako," mzee akasema. "Mie sioni, nakuomba wewe mwenye macho unitazamie. Barazani, karibu na kitanda changu, kuna nini?"

Akageuka. Majirani nao wakageuka. Barazani kulikuwa na jamvi moja, limekunjwa vibaya, upande upande, na karafuu zake kavu zimo ndani. Kutoka kwenye jamvi lile mpaka uwanjani kulikuwa na mstari wa karafuu zilizodondoka njiani, na alama ya kitu kizito kilichoburuzwa na mtu asiye na nguvu. Yule mtu alikuwa amepita juu ya alama hiyo mara zote zile, akiingia na kutoka, na hakuiona.

"Kapiga kelele," mzee akasema. "Kapiga kelele mpaka sauti ikakauka, msikilizeni sasa hivi akisema. Kaita kila jirani kwa jina lake. Nani angemwitikia? Majirani wote hawa si wako matangani, na wewe si ndiko ulikokwenda? Mie nimeshuka, nimekanyaga ncha ya jamvi, nimeanguka, kaniinua yeye akanirudisha kitandani. Kisha kaburura lile moja peke yake. Akarudi kuchukua la pili likamshinda, limeshakunywa maji. Akaja kwangu analia. Ananiambia, babu, nimeyaua macho yako."

Majirani wakatazama chini.

"Mtoto mdogo kama huyu ananiambia maneno hayo. Ningefanyaje? Nikamwambia, mjukuu wangu, zimeshapata maji, huwezi kuzikausha kwa kulia. Nenda mchirizini kaoge, ucheke, mie nikusikie. Akaniuliza, baba akija? Nikamwambia, baba yako anajua. Baba yako kila siku anasimulia."

"Mimi nasimulia nini, baba?"

"Si ile siku yetu? Mimi na wewe, mchirizi huu huu. Unaikumbuka?"

"Naikumbuka vizuri."

"Karafuu siku ile zilikuwa wapi?"

Yule mtu akautazama uwanja. "Karafuu gani?"

Mzee akacheka kidogo, na maji yakamwingia mdomoni akatema. "Alhamdulillahi. Hukumbuki. Basi nilifanikiwa. Zilikuwa hapo, mwanangu, hapo uliposimama. Zimebaki jua moja. Na wewe ndiye uliyekuwa ukizilinda. Huyu kapiga kelele, wewe hukupiga. Tone la kwanza tu uliinuka ukaja mchirizini, ukazisahau zote. Nikaja mbio kutoka shamba nina fimbo, na haikuwa ya mpera, ilikuwa ya mkwaju, niliivunja njiani. Nimeinua mkono hivi. Ukanitazama huna habari kabisa, ukanyoosha mkono ukaniambia, baba njoo, maji matamu. Mkono ukanishinda kushuka."

Akajifuta maji usoni.

"Nikaitupa fimbo, nikaingia. Unasema nilicheka mpaka nikashika nguzo. Nilikuwa nacheka ili usije ukaniona ninalia, na nguzo niliishika kwa sababu miguu ilikuwa hainibebi. Na ule muhogo unaousifia kila siku kwa wenzako? Unadhani tulikuwa tunaupenda? Kulikuwa hakuna kitu chengine mwaka mzima. Na mama yako alikuwa akihadithia gizani kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa hayapo."

Ndugu zangu, yule mtu alisimama pale na tawi lake la mpera kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyozaliwa haikuwa mahali anapopajua. Siku tamu kuliko zote za maisha yake, aliyoililia, aliyoitumia kuilaumu dunia, ilikuwa ndiyo siku chungu kuliko zote za baba yake. Mvua ile ile. Mchirizi ule ule. Mmoja kaumeza utamu, na mwengine kaubeba uchungu, na yule aliyebeba hakusema kitu mpaka kazeeka, mpaka kapofuka, mpaka alipoisikia fimbo nyengine ikivunjwa kwenye mti.

"Na macho yako, baba?" akasema, na sasa alikuwa analia bila kujificha. "Nilitaka uone."

"Najua. Nayataka na mie, usidhani siyataka. Ukijaaliwa msimu mwengine, nipeleke. Lakini siku watakayonifungua kitambaa, mtu wa kwanza nnayetaka kumwona ni huyu, na nimwone anacheka. Nikifunguliwa nikamkuta mtoto anaogopa mvua, anamwogopa baba yake, basi nifungeni tena kitambaa changu, nilikuwa nimestarehe."

Tawi likaanguka. Hakulitupa, lilimtoka tu.

Akaingia mchirizini. Na hapa nataka niseme kweli, kwa sababu nimeshasikia mawaidha mengi ambayo mwisho wake kila kitu kinakuwa kitamu. Hakikuwa kitamu. Maji yalikuwa ya baridi, yalimchoma mgongo unaomuuma, tope la kifuani likamteremkia miguuni. Alifunga macho akaitafuta ile raha yake ya zamani, akaitafuta kweli, hakuiona. Karafuu zilikuwa zimeharibika, na alizihisi zimeharibika.

Binti yake akamvuta kidole. Sauti ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele, ikatoka kama mnong'ono.

"Baba. Maji matamu?"

Akamtazama. Nyuma ya mtoto alikuwa amesimama mzee, ameegemea ukuta, ameinamisha sikio, anasubiri jibu na yeye.

"Matamu," akasema.

Mtoto akacheka, meno yake yenye mapengo yote yakaonekana. Na yule mtu akacheka, kisha ikabidi anyooshe mkono aishike nguzo.

Mtaniuliza, karafuu zilizookoka zilitosha? Mzee alipelekwa? Naona nyuso zenu, mnataka kujua. Mfano wangu umeishia mchirizini, sina zaidi. Nirudisheni kwenye swali nililokushikisheni mwanzo.

Sisi tunasema dunia imekwisha utamu. Tunasema sikukuu si zile, muhogo si ule, mvua si ile. Tunadhani Mola ameupunguza. Hebu nikuulizeni, kanzu ile uliyolala umeikumbatia ilikuja yenyewe? Usiku ule ambao wewe ulikuwa hulali kwa furaha, kulikuwa na mtu mwengine chumba cha pili hajalala, unajua alikuwa anawaza nini? Wewe ulipewa utamu umeshamenywa. Kulikuwa na mikono iliyotoa maganda na miba na kuvificha. Ile dua tunayowaombea wazee wetu kila baada ya sala, tunaipita mbio mbio tuwahi kusimama. Leo isemeni polepole.

Na sasa sisi ndio tuko chumba cha pili. Hilo ndilo lililobadilika. Zamu yetu ya kumenyewa imepita, na hii ni zamu ya kumenya, na sisi tumekaa tunanung'unika kwamba hatuoni utamu, huku watoto wetu wametukodolea macho wanasubiri tuwaambie mvua ni kitu gani. Tukiwaambia ni adui, itakuwa adui. Tumewatia watoto hofu zetu mikononi tukawaambia wazilinde, na zikiwaponyoka tunakwenda kuvunja matawi. Simsemi mtu wa mbali. Nawasema nyinyi, na mimi pamoja nanyi, wote tuliomo humu ndani.

Sikusema karafuu si kitu. Tunakula kwazo, na haramu kuiharibu neema. Anueni kwa nguvu zenu zote. Na yule mtu hakuambiwa aache kulia kwa ajili ya karafuu zake, mwenye haki ya kulia alie. Lakini baba yake alilia kwa namna ambayo mtoto alidhani ni kicheko, na kicheko hicho kikamlisha mtoto yule maisha yake yote. Je, sisi tutakaposhuka kaburini, watoto wetu watakaa barazani wasimulie nini?

Haya. Hilo ni bati la msikiti linalia, mnalisikia, na wewe wa safu ya mwisho umeshasimama, sikulaumu. Nendeni. Mpitie kwa jirani asiyekuwapo, mumwanulie na yeye, huenda kamwacha mtoto peke yake. Na mkifika mkakuta zimeshapata maji, basi kabla hamjasema neno, angalieni mkono wenu umeshika nini.